Chuma cha Kisigino cha Kushoto

Jumatatu, 10 Machi

Daktari ameniagiza niandike kila siku anachokula mke wangu. "Mwalimu, sitaki hadithi," alisema. "Nataka kujua kikombe kilikuwa nusu au robo." Nimepata daftari hili la kurasa mia. Lakini mtu aliyefundisha miaka thelathini na minne hawezi kuandika "nusu" akaishia hapo; lazima aeleze nusu ya nini. Daktari atanisamehe.

Asubuhi: uji, robo kikombe. Mchana: alikataa. Jioni: vijiko viwili vya supu, cha tatu akakitema. Neno lake ni lilelile la tangu mwezi uliopita: "Nitakula mwanangu akija."

Leo pia amefika mwanafunzi kutoka ng'ambo, msichana wa miaka ishirini na moja, aliyekuja kujitolea wiki kumi katika shule yetu ya wasioona. Mratibu wa mpango wao aliomba akae kwangu kwa sababu nyumba yetu iko ukuta kwa ukuta na shule, na chumba cha binti yetu kiko wazi. Amesoma Kiswahili miaka miwili chuoni kwao, na anakisema kama kitabu.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimefurahi mno kukutana nawe."

Nikamwambia shikamoo inatosha, furaha nitaiona usoni.

Jumatano, 12 Machi

Uji, robo kikombe. Ndizi, nusu, baada ya kubembelezwa.

Nimemweleza mwanafunzi desturi ya nyumba hii, nami naiandika na hapa, maana asiyeijua atadhani sisi ni watu wa vituko.

Mke wangu haoni tangu akiwa na miaka minne. Alikuwa akifundisha kusoma nukta nundu, yale maandishi ya vidole, katika shule hii hii, nami nikifundisha hesabu, ndiko tulikookotana. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alipoanza kutembea, mke wangu alikuwa na hofu moja: kwamba mtu atapita ndani asijue ni nani. Basi nikaenda kwa fundi viatu wa pale njia panda, tukapatana. Mimi nipigiliwe vipande viwili vya chuma, kimoja kila kisigino. Mtoto apigiliwe kimoja tu, kisigino cha kushoto. Korido yetu ni saruji tupu. Mimi nikipita ni ta-ta, ta-ta. Binti akipita ni ta-fu, ta-fu. Kila alipokua na kubadilisha viatu, fundi aling'oa chuma kilekile akakihamishia kwenye viatu vipya.

Miaka saba iliyopita binti alikwenda ng'ambo kufanya kazi katika nyumba ya wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Viatu vyake vya mwisho, vyeusi vya ngozi, aliviacha chini ya kitanda. Kule, alisema, ni lazima kuvaa viatu laini, wazee wasishtuke.

Na sasa ni miaka miwili mke wangu anasahau. Alianza kwa majina ya majirani. Amefika kwenye siku za wiki. Miguu yetu bado hajaisahau.

Mwanafunzi alisikiliza yote hayo kisha akauliza, "Na mimi, je, nitapigiliwa chuma?"

Mke wangu akacheka, mara ya kwanza wiki hii. "Wewe ni mgeni, bibi. Mgeni mwema hasikiki." Na kweli hasikiki, anavaa raba za kitambaa, anapita kama moshi.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua ya kwanza. Paa letu ni la mabati, na ikinyesha hakuna hatua inayosikika ndani. Mke wangu alishika mikono ya kiti kama mtu aliye kwenye gari bovu, akauliza "Nani? Nani hapo?" mpaka ikakatika. Hapakuwa na mtu ila mimi. Uji: hakuna.

Jumanne, 18 Machi

Vijiko vitatu asubuhi, basi.

Mwanafunzi amepata jina shuleni. Neno alilolizoea kuliko yote ni "pole". Mtoto akijikwaa, pole. Chaki ikivunjika, pole. Jana alikigonga kiti akakiambia pole, na darasa zima likasikia. Sasa anaitwa Dada Pole.

Kazi aliyopewa ni kunakili kitabu cha sayansi cha darasa la tano kwa nukta nundu. Tunatumia kibao na kalamu yenye ncha ya chuma. Unatoboa karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuzwa, ili ukiipindua karatasi nundu zisomeke kutoka kushoto kwenda kulia. Nilimweleza mara mbili. Alitoboa ukurasa mzima kutoka kushoto. Watoto wakapitisha vidole na kuangua kicheko: "Dada Pole, umeandika lugha ya popo!" Akacheka nao, kisha nikamkuta nyuma ya bohari akilia. Alisema alikuja kusaidia na hadi sasa anamaliza karatasi za watu. Nikamwambia kila aliyejua alianza kwa kuharibu karatasi.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimekosea. Naandika polepole nilione kosa lilipoanzia.

Raba za mwanafunzi zimelowa tangu Alhamisi. Alizianika juu ya jiko la mkaa na soli moja ikaachama kama mdomo. Nikamwambia, "Chini ya kitanda chako mna viatu. Jaribu." Vikamtosha kana kwamba alipimiwa. Naapa niliwaza miguu iliyolowa tu. Chuma sikukikumbuka, mtu aliyekaa na kengele ya shule miaka mingi hufika mahali haisikii.

Mvua ilikuwa imepumua. Akachukua kikombe cha chai jikoni akampelekea mke wangu dirishani. Ta-fu, ta-fu, ta-fu.

Mke wangu akasimama. Ni miezi miwili hajasimama bila kushikwa.

"Umerudi," alisema.

Msichana akaganda katikati ya korido, akanitazama. Nilikuwa mlangoni mwa chumba, na taulo mkononi.

"Mama, mbona umesimama? Njoo nikushike." Hivyo ndivyo mke wangu amemwita binti yetu tangu mchanga, Mama, kama watu wanavyowaita mabinti wanaowapenda.

Msichana alikwenda. Alipiga magoti. Mke wangu akampapasa mashavu, akamnusa nywele, akamshika mabega.

"Umekonda. Na nywele umezifanya nini?"

"Pole," msichana alisema.

"Pole ya nini? Zitaota. Mwalimu! Mbona umelala? Leta chakula, mtoto katoka safari!"

Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja ya kusema: huyo ni mgeni. Nimewafundisha watoto wa watu kwamba ukikosea mstari wa kwanza, hesabu yote imeoza, hata ukijumlisha vizuri namna gani. Niliijua ile pumzi wakati inapita. Nikaenda jikoni.

Uji, kikombe kizima. Yai. Mkate, vipande viwili. Alikuwa akimega, kimoja kwake, kimoja kwa msichana.

Jumapili, 23 Machi

Uji, kikombe. Wali, nusu sahani.

Binti hupiga simu kila Jumapili saa kumi. Leo mama yake alikuwa amesinzia.

"Mama anakula, Baba?"

"Anakula."

"Kweli? Wiki iliyopita ulisema anasuasua. Nije?"

"Anakula. Usijisumbue."

Neno hilo nimelisema miaka saba. Mwanzoni lilikuwa na maana: hakuwa na karatasi za ukaazi, akitoka asingeweza kurudi kazini. Karatasi zilitoka miaka mitatu iliyopita. Nami nikaendelea kusema usijisumbue, kama mtu anayesema karibu huku ameuziba mlango kwa mwili wake. Sikutaka aone mama yake alivyopungua. Nilidhani namhurumia yeye.

Jumanne, 25 Machi

Mwanafunzi aliniita uani, mbali na dirisha.

"Mwalimu, huu ni uongo."

"Ni uongo."

"Mimi nilikuja kufundisha. Sikuja kuwa mtoto wa mtu."

"Umeona uzito wake ulipofika?"

Akageukia dirisha.

"Nipe wiki moja," nilimwambia. "Apate nguvu. Kisha mimi mwenyewe nitamweleza."

Akatazama viatu. Akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Kwetu hakuna mtu anayeninusa nywele." Kisha akaenda kumtia mke wangu chai.

Ijumaa, 28 Machi

Kikombe kizima. Supu, bakuli. Mvua mchana kutwa.

Jumatatu, 31 Machi

Kikombe kizima. Ile wiki niliyoomba inaisha kesho.

Jumatano, 2 Aprili

Kikombe, na kuongeza.

Sikumweleza. Naandika niliyoyaona ili nisijipambe. Mke wangu alikuwa na kibao mapajani, ameshika vidole vya msichana, anamwongoza kutoboa. "Usikandamize kama unachimba kisima. Gusa, sikia, toka." Alivyomfundisha binti yetu, maneno yaleyale. Ukurasa uliotoka ulikuwa safi, na leo watoto wameusoma bila kucheka. Mmoja akauliza nani ameandika.

Na Kiswahili chake anamrekebisha pia. "Huko ulikokwenda wamekuharibia ulimi. Mtu hasemi 'Je, ungependa chai?' Sema 'Mama, chai hii.'"

"Mama, chai hii."

"Ehee. Sasa umerudi kweli."

Kila lililotakiwa kutufichua, mke wangu analipatia sababu. Lafudhi ni ya ng'ambo. Wembamba ni wa ng'ambo. Amekuwa wakili wetu.

Jumapili, 6 Aprili

Saa kumi simu ililia. Nilikuwa nje nasafisha mfereji wa maji. Mke wangu aliipapasa na kuipokea mwenyewe, jambo ambalo hajalifanya mwaka mzima. Nguvu tulizompa ndizo zilizomfikisha kwenye simu. Nilipoingia nikasikia upande mmoja tu.

"Nani? ... Binti yangu yupi? ... Wewe mwanamke, huna haya? Binti yangu yuko jikoni, anaosha vyombo. Namsikia. Tafuta mama yako umdanganye huyo."

Akaikata. Akaniambia, "Matapeli siku hizi wanajifunza mpaka sauti."

Niliichukua simu nikatoka uani. Nilikosea tarakimu mara mbili. Binti alipokea mara moja.

"Baba, nani yuko jikoni?"

Nikamweleza. Viatu, mvua, chuma, uji. Nilieleza kwa utaratibu, na nilipokuwa naeleza nilijisikia, mzee ninayepanga hoja wakati mtu anavuja damu. Hakunikatiza. Mwisho akauliza, "Anakula?"

"Anakula."

"Basi mwache ale." Kisha akaongeza, "Hapa nina mzee ananiita kwa jina la dada yake. Dada amekufa zamani. Naitika kila siku, Baba. Nikiitika anameza dawa. Nilikuwa najiona nina moyo mzuri."

Simu ikakatika, au aliikata.

Uji, kikombe. Wali, sahani. Hii ndiyo siku aliyokula vizuri kuliko zote tangu daftari lianze.

Jumanne, 15 Aprili

Mratibu alipita. Alisikia kwa walimu. Ni mtu wa adabu, anayevua kofia hata mvuani.

"Mwalimu, kanuni zetu zinasema mwanafunzi asijenge kwa mwenyeji tegemeo ambalo ataondoka nalo."

"Kanuni nzuri," nilimwambia.

"Nimhamishe?"

Kabla sijajibu, kutoka ndani mke wangu akaita, "Mama! Nani huyo anamgombeza baba yako?" Na mwanafunzi akajibu, "Hamna kitu, Mama, ni mgeni tu." Mratibu akavaa kofia yake. Alisema zimebaki wiki nne na siku chache, tumalize salama.

Jumapili, 20 Aprili

Kikombe. Simu haikulia.

Jumapili, 27 Aprili

Kikombe. Simu haikulia. Mvua kubwa, mfereji umefurika hadi kizingitini.

Jumapili, 4 Mei

Kikombe. Saa kumi nilikaa na simu mkononi mpaka saa kumi na moja. Mke wangu akauliza nani ninayemngojea. Nikasema fundi wa mabati.

Jumatano, 7 Mei

Alifika saa tano asubuhi, bila taarifa. Niligeuka kutoka kwenye sufuria ya maziwa nikamwona mlangoni, sanduku dogo, mvua usoni. Mwanangu ana mvi. Hilo ndilo nililoliona kwanza, na nikaona haya, kwamba nilimtuma ng'ambo msichana na sikumfuata hata kwa macho.

"Shikamoo, Baba."

Maziwa yakafurika.

Amevaa viatu vyake vya kazi, vyeupe, laini. Alipita korido bila sauti. Mama yake alikuwa dirishani na kibao.

"Nani anatembea kama paka?"

Binti akapiga magoti palepale alipopiga magoti yule mwingine. "Mama. Ni mimi. Nimekuja."

Mke wangu akanyoosha mkono kwa adabu, kama anavyompa mgeni. "Karibu. Umetoka mbali? Mkono wako baridi. Mwalimu, mpe huyu dada kitu cha moto." Kisha akainua sauti: "Mama! Tuna mgeni!"

Na kutoka shuleni, kwa mlango wa nyuma, ta-fu, ta-fu, ta-fu, mwanafunzi akaja na karatasi zake kifuani. Uso wa mke wangu ukageukia mlio ule kama jani linavyogeukia jua. Binti yangu aliuona. Nilimtazama akiuona.

Wali, sahani. Sikuwa na haki ya kuuandika, lakini daktari ataka kujua.

Jumamosi, 10 Mei

Siku tatu wameishi chumba kimoja, nilidhani watararuana. Jana niliwakuta wamekaa kitandani, binti anamwonyesha mwanafunzi namna ya kumwinua mtu bila kujivunja mgongo.

Leo mwanafunzi alifungua kamba za viatu mwenyewe, akaviweka mbele ya binti. "Ni vyako, dada. Samahani. Nilipaswa kuvivua siku ileile."

"Ungevivua angekufa kwa njaa," binti alijibu. Akavivaa.

Mvua ilikuwa imesimama. Nilikaa karibu na mke wangu, nimeshika ukingo wa kiti chake. Binti alianzia mwisho wa korido. Alikuja kama alivyokuwa akija kutoka shule ya msingi, kutoka sokoni, kutoka kila mahali kwa miaka ishirini. Chuma kilekile, saruji ileile.

Mke wangu akainamisha kichwa.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama."

"Hivyo ni viatu vya mwanangu." Hakuwa na hasira. "Lakini wewe unavuta mguu wa kulia."

Binti akasimama. "Nyonga, Mama. Nimeinua watu miaka saba."

"Pole sana, mwanangu wa watu. Uzee wa wengine umekuingia miguuni." Akampapasa goti, akashuka hadi kwenye kamba za kiatu. "Ila vivue. Mwenyewe atavitafuta."

Binti alivivua. Alivipanga ukutani, visigino sawasawa, akaenda kukaa uani chini ya upenu. Nilimfuata. Nilitaka kumwambia kwamba kosa ni langu, la pumzi ile moja, na la usijisumbue zote zilizotangulia. Nilianza na neno "Unajua". Akasema, "Baba, leo usieleze."

Jumatano, 14 Mei

Kikombe. Watoto wamempa Dada Pole kiti kile alichokigonga, wamekifunga utepe. Hawezi kukibeba kwenye ndege. Amelia, wakamwambia pole, darasa zima kwa pamoja.

Ijumaa, 16 Mei

Tumegombana, mimi na mwanafunzi. Nilimshauri kesho aondoke wakati mvua inapiga bati, amevaa raba zake zilizoshonwa. Mke wangu hatasikia chochote. Atadhani ametoka tu.

"Na baadaye?" aliniuliza.

"Baadaye tutaona."

"Mwalimu, wewe kila kitu ni baadaye tutaona!" Hajawahi kunipandishia sauti. Kiswahili chake kilikuwa hakina kosa hata moja. "Wiki nane nimeingia kwake na viatu hivi. Nitatoka navyo. Asikie naondoka. Ni haki yake kusikia."

Binti, aliyekuwa akimenya viazi, alisema bila kuinua kichwa, "Mimi niliondoka na mvua. Alikuwa amelala. Baba alisema ni bora hivyo." Akaendelea kumenya.

Jumamosi, 17 Mei

Hapakuwa na mvua.

"Mama, nasafiri," mwanafunzi alisema, magotini.

Mke wangu alimpapasa mashavu. Nilidhani hakusikia. Kisha akasema, "Safari ya kwanza ulisema miaka miwili."

Msichana akanitazama mimi. Binti alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mkono mdomoni. Wakati wa kwenda, miaka saba iliyopita, ndivyo binti alivyoniachia nimwambie: miaka miwili.

"Safari hii usitaje miaka," mke wangu alisema. "Miaka humtia mtu kuhesabu. Sema tu naenda."

"Naenda, Mama."

"Nenda."

Akamnusa nywele, akamwachia. Ta-fu, ta-fu, korido nzima, mlango, ngazi mbili, njia ya mawe. Mke wangu alifuata mlio ule kwa uso wake hata masikio yangu yalipokuwa yameupoteza. Getini msichana akavivua, akavaa raba zake, akanipa viatu kwa mikono miwili. Vilikuwa vya moto bado. Alinipa pia karatasi moja ya nukta nundu aliyomwandikia mke wangu. "Umpe ukiona inafaa. Tafadhali usikae nayo sana."

Mchana: alikataa. Jioni: alikataa. "Nitakula mwanangu akija."

Jumatatu, 19 Mei

Maji tu.

Jumanne, 20 Mei

Vijiko viwili.

Nimempa karatasi. Binti alikuwa karibu. Mke wangu aliiweka mapajani, vidole vikaamka kama vilivyokuwa enzi zake darasani. Alisoma kwa sauti, polepole: "Mimi nilikuwa mgeni. Nilivaa viatu vya binti yako. Binti yako amekuja. Anavuta mguu wa kulia. Ndiye yeye."



Akarudisha kidole mstari wa tatu. "Hapa pamerukwa nukta. Na hii nafasi ni pana mno." Akaikunja vizuri. "Ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huyu, lakini ana mkono mwepesi. Mwambie ataweza."

Alhamisi, 22 Mei

Maji. Daktari alikuja. Alisoma daftari lote akiwa amesimama. Alipolirudisha hakusema kitu kuhusu hadithi.

Jumamosi, 24 Mei

Anga limetakata tangu jana, na matope ya njiani yameanza kupasuka. Nadhani msimu umekwisha.

Jana binti alikwenda kwa fundi viatu na viatu vipya, vya ngozi ngumu. Fundi ni mzee sasa, ila alikumbuka. "Kushoto, kama kawaida?"

"Kulia," binti alimwambia.

Vile vya zamani amevirudisha chini ya kitanda, na chuma chake.

Leo asubuhi alipika uji, akajaza vikombe viwili, akapita korido. Fu-ta, fu-ta. Ule mguu unaovuta sasa ndio wenye sauti.

"Nani huyo?" mke wangu aliuliza. "Simjui huyu."

"Mgeni, bibi."

Nilikuwa mlangoni, palepale pa siku ile. Nikafungua mdomo. Binti akanitikisia kichwa.

"Karibu, mgeni. Keti. Mwenyewe hayupo, amesafiri."

"Nimeleta uji. Ila kula peke yangu nyumba ya watu naona haya."

Mke wangu akafikiri. Adabu ilikuwa ndani yake kabla ya usomaji, na itatoka baada ya kila kitu. "Haiwezekani mgeni ale peke yake. Leta hicho kikombe, tusikuaibishe."

Wakanywa. Binti alimshikia kikombe kwa mkono wa mtu aliyeifanya kazi hiyo maelfu ya mara.

"Mama yako yu hai?" mke wangu alimuuliza, katikati.

"Yu hai."

"Unampigia simu?"

"Nilikuwa nampigia. Kila Jumapili."

"Usiache. Hata akikusemea vibaya. Sisi wazazi tukingoja sana tunakuwa wakali." Akatafuta mkono wake, akaupata, akaupigapiga. "Siku moja atakutambua kwa mwendo."

"Ndiyo, bibi."

Uji, kikombe kizima. Kalishwa na mgeni.